V60 ya plastiki: miezi 11 jikoni kwangu Tabata

Ni koni ya plastiki nyeupe ya kuchujia kahawa. Ina mkono wa kushikia kama wa kikombe na kitako kipana cha kukalia juu ya kikombe. Chini ina tundu moja kubwa, na ndani ina mistari iliyoinuka inayojipinda kutoka juu mpaka kwenye tundu. Basi. Haina waya, haina skrubu, haina kitu cha kuungua wala cha kukatika. Nilitoa Sh 38,000 kwa saizi 02, na kwa miezi 11 sasa koni za aina hii zimenihudumia kila alfajiri, isipokuwa siku tatu za homa ambazo kahawa haikupita kooni.

Naandika kwa sababu watu wanne kazini wameniuliza kama ina thamani ya hela hiyo, na kila mara jibu langu linakuwa refu kuliko walivyotegemea. Kifupi ni hiki: inunueni, tena ile ya plastiki, msihangaike na ya kauri. Lakini msiinunue kama hamjatenga hela ya kisagio. Mimi nilitangulia na koni, kisagio kikaja baada ya miezi mitatu, na ile miezi mitatu yote nilikuwa naharibu kahawa ya watu.

Niseme kwanza natokea wapi, maana ndiyo sababu ya jambo lenyewe kunigusa hivi. Mimi ni mtunza hesabu kwenye duka la vitambaa Kariakoo, lakini nimezaliwa Marangu, kwenye kihamba cha migomba na mibuni. Kilema, jirani na kwetu, ndiko wamisionari walikootesha kahawa mwaka 1898, na kwetu sisi kahawa ilikuwa ndiyo ada, bati na jeneza. Nimechuma toka nikiwa na miaka sita. Unachuma nyekundu tupu, ukichanganya na ya kijani unaguswa na kijiti. Jioni ileile inamenywa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, inalala kwenye maji mpaka ute uachie, inaoshwa kwa maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kutoka mlimani, inaanikwa juu ya waya. Mvua ikitishia mchana tunaitwa shuleni kukimbia kufunika. Ikikauka, baba anaibeba mpaka chama cha msingi cha ushirika, inapimwa, anapewa malipo ya kwanza, na sisi tunarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa.

Nasema chai. Hakuna aliyekunywa kahawa nyumbani kwetu. Baba ameilima miaka hamsini, anaweza kushika punje za maganda, zile ambazo hazijakobolewa, kiganjani akakuambia zimekauka siku ngapi, lakini kikombe cha kahawa yake hakuwahi kukiona. Mimi nilikuja kuijua kahawa Dar, kijiweni, ile ya birika kubwa juu ya jiko la mkaa, nyeusi tii, na kashata pembeni. Naipenda mpaka leo na sitaki mtu aidharau mbele yangu. Ila ile imekaangwa ikaiva sana na kuchemshwa muda mrefu, mara nyingi ina tangawizi. Unachoonja ni moto, uchungu na utamu wa kashata. Huwezi kujua imetoka Mbinga au Bukoba. Kahawa ya Kilimanjaro iliyotengenezwa ikabaki na ladha yake niliionja nikiwa na miaka 36, kwenye mgahawa mmoja wa Posta, kwa Sh 7,000. Nilimwona kijana anamimina maji taratibu kwenye koni kama hii. Nilipokunywa nilinyamaza. Jumatatu yake nikaanza kuulizia koni inauzwa wapi.

Wazo la kupitisha maji ya moto kwenye kahawa iliyokaa juu ya karatasi si geni. Mwaka 1908, mjini Dresden, Ujerumani, mama mmoja wa nyumbani aitwaye Melitta Bentz alichoshwa na machicha kikombeni, akatoboa chombo cha shaba kwa msumari na kutandika ndani karatasi ya kukaushia wino aliyoitoa kwenye daftari la mwanawe. Hario, wanaotengeneza V60, ni Wajapani walioanza mwaka 1921 wakitengeneza vyombo vya kioo vya maabara. Herufi V ni umbo la koni, 60 ni nyuzi za pembe yake. Ile mistari ya ndani inaizuia karatasi isigandame ukutani, hewa ipate njia ya kutokea. Lile tundu kubwa halizuii maji hata kidogo, na hapo ndipo penye utamu na ugumu wake: kinachoamua maji yakae muda gani kwenye kahawa si chombo, ni ukubwa wa chembe ulizosaga na mkono wako unavyomimina.

Sasa kisagio.

Nilianza na blenda niliyokuwa nayo ya viungo. Blenda haisagi, inapasua. Punje nyingine inapigwa na kisu mpaka inakuwa vumbi, nyingine inabaki chenga. Ukimimina maji, vumbi linatoa kila kilichomo upesi, pamoja na uchungu na ukakasi, wakati chenga bado hazijaloa hata mpaka katikati. Kikombe kimoja kinakuwa kikali na dufu kwa pamoja, na hujui urekebishe wapi. Tena vumbi hilohilo linashuka na kuziba karatasi. Siku moja nilisimama dakika saba nikisubiri maji yapite, na kituoni nikafika daladala ya kwanza imeshaondoka. Nikajaribu kinu na mchi, matokeo yakawa yaleyale. Nikajaribu kununua iliyosagwa tayari, ikapita vizuri, lakini harufu yote iliishia siku nilipofungua pakiti. Kahawa ikishasagwa inapoteza harufu kwa kasi, na sidhani kama kuna kopo la kuizuia.

Mwanzoni mwa Desemba nilinunua kisagio cha mkono kwa Sh 190,000. Nilikaa na hela hiyo wiki mbili kabla ya kuitoa. Ndani kina vipande viwili vya chuma chenye meno, kimoja kimekaa ndani ya kingine, na punje haiponyoki mpaka ifikie udogo wa nafasi uliyoiacha. Ringi ya kurekebisha inalia kila hatua. Mimi nimekaa hatua ya 18, unga wake unakaribia chembe za sukari yetu ya dukani, labda ndogo kidogo. Gramu 15 nasaga kwa dakika moja, nimesimama, hata sipigi kelele za kumwamsha mtu chumba cha pili. Kikombe cha kwanza baada ya hapo kilikuwa cha kahawa ileile, maji yaleyale, koni ileile, na ladha ya mahali pengine kabisa. Kama una Sh 230,000 na unafikiria kununua koni ya kauri ya rangi nzuri, birika la bei na mtungi wa kioo, rudisha vyote dukani ununue kisagio na plastiki hii.

Kuhusu plastiki yenyewe, najua watu wanaikwepa wakiamini ni ya hali ya chini. Mambo ni kinyume. Kauri ni nzito na inakunywa joto. Usipoipasha kwa maji mengi ya moto kwanza, inaiba joto la kahawa yako pale unapolihitaji zaidi. Plastiki ni nyepesi, haichukui joto kiasi hicho, na ikidondoka kwenye sakafu ya saruji unaiokota unaendelea. Yangu imedondoka mara nyingi. Imepoteza weupe wake, imekuwa rangi ya chai ya rangi, na sabuni haiutoi huo wekundu. Naiacha kwenye maji ya moto yenye baking soda Jumapili inarudi nusu yake. Mtungi wa kioo wa kupokelea kahawa niliununua pia, si wa Hario, kwenye duka moja la mjini. Ulipasuka mara ya kwanza kutiwa maji ya moto, na muuzaji akasema nimeutumia vibaya. Tangu hapo nachujia moja kwa moja kwenye kikombe na sijaona nilichopoteza.

Kuna jambo sikulisoma mahali, nililipata kwa kuhangaika: maji. Maji ya bomba hapa kwetu yakikatika tunatumia kisima, na kisima chetu kina chumvi, kama visima vingi vya Dar. Kwa kupikia unazoea. Kwa kahawa, hapana. Wiki mbili mfululizo nilidhani nimepunjwa kahawa mbovu, ilikuwa butu, imelala, haina ule mchangamko. Kumbe ni maji. Kahawa ikiwa tayari kikombeni ni maji asilimia 98 na zaidi, kwa hiyo mtu asikuambie ni jambo dogo. Maji yenye madini kiasi yanasaidia kuitoa ladha, lakini yakiwa na magadi mengi yanaua ule uchachu mtamu ambao kahawa za mlimani zinasifika nao. Sasa natumia maji ya kunywa ya dumu la lita 20. Tusibishane kuhusu gharama, nitaiandika huko chini.

Hivi ndivyo ninavyoitengeneza, na sijabadilisha tangu Februari.

Gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji. Napima vyote kwa mizani ya jikoni ya Sh 28,000, kikombe na koni vikiwa juu ya mizani. Kijiko hakiaminiki: kahawa iliyokaangwa kidogo ni nzito kuliko iliyokaangwa sana, kijiko kimoja kinaweza kupishana gramu mbili, na gramu mbili kwenye 15 ni nyingi. Nakunja karatasi pale ilipounganishwa, naitandika, naimwagia maji ya moto ili iondoe ladha ya karatasi na ishikane na koni. Maji hayo namwaga. Naweka kahawa, natikisa koni ilale sawa.

Maji yakichemka, nasubiri kidogo tu. Hapa Dar tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 100. Kwa kahawa iliyokaangwa kidogo namimina karibu mara moja. Kwa iliyoiva zaidi naacha dakika moja na nusu. Namimina gramu 45, nalowesha unga wote, nazungusha koni taratibu, kisha nasimama sekunde 45. Hapo kahawa inaumuka. Inapanda kama andazi, inafanya mapovu, inapasuka katikati. Ni gesi iliyobaki ndani ya punje tangu kukaangwa, inatoka. Kama haiumuki kabisa, kahawa ni ya zamani, na hapo hakuna ufundi utakaokusaidia. Nimejifunza kutazama tarehe ya kukaangwa, si ya mwisho wa matumizi. Pakiti nyingi za dukani zinaandika ya mwisho tu. Mimi nanunua kwa mkaangaji anayeandika siku, na naitumia ndani ya mwezi.

Baada ya sekunde 45 namimina kwa mduara, kutoka katikati kwenda nje na kurudi, mpaka gramu 150. Ikishuka karibu nusu naongeza mpaka 250. Natikisa koni mara moja, unga ukalie sawa, naacha. Yote inaisha kati ya dakika 2 na sekunde 45 na dakika 3 na robo. Ikiisha mapema na ladha ikawa nyepesi yenye ukali wa limao bichi, kesho nasaga laini zaidi hatua moja. Ikichelewa na ulimi ukabaki umekauka kwa ukakasi, nasaga nene. Nabadilisha kitu kimoja kwa siku, basi. Nilipokuwa nabadilisha vitatu kwa pamoja sikujifunza chochote. Gramu 250 hazifiki zote kikombeni, kila gramu ya kahawa inabaki na kama gramu mbili za maji, kwa hiyo napata 220 hivi. Inanitosha.

Birika. Watu watakuambia lazima uwe na lile la shingo nyembamba kama ya korongo. Jagi langu la umeme lina mdomo mpana, linabwaga maji, linachimba shimo katikati ya kahawa, maji yanapita pembeni bila kuonja kitu. Hilo ni kweli na ladha yake utaiona. Lakini sikununua birika jipya. Nachemsha kwenye jagi, nahamishia kwenye birika dogo la chai la bati alilonipa mama nilipohama, ambalo mdomo wake ni mrefu na mwembamba. Linapoteza joto kidogo katika kuhamisha, ndiyo maana sisubiri sana. Linamimina uzi wa maji kama mkanda wa cherehani. Ukiwa na birika la namna hiyo kabatini, hela yako ibaki mfukoni.

Karatasi ndiyo lalamiko langu la kweli. Zile za koni hii ni zake, zina umbo lake, na Dar hazipatikani kila siku. Mara mbili nimeishiwa. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitumia saizi 01 nilipoagiza 02, akagoma kubadilisha, zikawa zinazama ndani ya koni na unga kumwagikia pembeni. Sasa nikikuta pakiti ya 100 kwa Sh 22,000 nachukua mbili. Nilijaribu kitambaa, kile cha pamba nilichokata dukani kwetu na kukishona mwenyewe. Kinafanya kazi, lakini kahawa inatoka na mafuta, kinashika harufu, na usipokichemsha kila siku kinachacha. Nikarudi kwenye karatasi. Na karatasi ina faida moja ambayo mama mwenye nyumba aliipokea vizuri, kwa kuwa daktari alishamwonya kuhusu lehemu: inazuia mafuta ya kahawa yanayoweza kupandisha lehemu mbaya, ambayo kwenye kahawa ya kuchemsha yanabaki. Siku hizi Jumapili baada ya kanisa anakuja na kikombe chake.

Hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kahawa nanunua Sh 15,000 kwa gramu 250, gramu 15 ni Sh 900. Karatasi Sh 220. Maji, pamoja na ya kusuuzia karatasi, yapata Sh 80. Kikombe kimoja ni Sh 1,200. Vifaa vyote, yaani koni, kisagio na mizani, vilinigharimu Sh 256,000. Ukilinganisha na ile ya Posta ya Sh 7,000, vimejilipa baada ya vikombe 45. Lakini mtunza hesabu mwaminifu atakuambia kwamba sikuwa nanunua ya Posta kila siku, nilikuwa nanunua ya kijiweni ya Sh 200. Kwa hesabu hiyo natumia zaidi kuliko zamani, karibu Sh 1,000 kila siku, na nimeamua kuitumia. Nimepunguza soda na vocha.

Je, kuna koni nyingine? Nimekunywa kwa rafiki yangu kahawa ya Kalita Wave, yenye kitako bapa na matundu matatu madogo. Inasamehe zaidi, ukimimina vibaya haikuadhibu kama V60. Kwa mtu asiye na subira ya wiki mbili za mwanzo, ningemshauri hiyo, ila karatasi zake ni adimu kuzidi hizi. Chemex nimeiona mgahawani tu, nzuri ya kutazama, ni kioo kitupu. Kwenye chumba na sebule yenye watoto wa jirani wanaoingia na kutoka, hapana.

Nimebakisha Desemba.

Tulipanda basi tarehe 21 kama Wachaga wote, na nilibeba koni, kisagio na mizani ndani ya begi la nguo. Nyumbani baba alikuwa na magunia ya kahawa ya maganda yaliyobaki, yaliyokauka vizuri. Nilimwomba kilo moja. Hakuuliza ya nini. Tuliitwanga kwenye kinu kidogo kidogo mimi na mdogo wangu, tukapepeta makapi kwa ungo, tukachagua punje zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Kwenye kuchagua, baba alikuja kukaa nasi, mikono yake ikafanya kazi haraka kuliko yetu wawili. Nilipima gramu 400, nikazikaanga kwenye kikaango cha chuma juu ya kuni, nikikoroga kwa mwiko bila kuacha. Zikageuka manjano, zikanuka kama mkate, zikawa rangi ya udongo wa kwetu. Dakika ya kumi hivi zikaanza kupasuka kama bisi. Mlio ulipopungua nikazimwaga kwenye ungo na kuzipepea zipoe. Zilibaki gramu 342. Nyingine zilikuwa zimeungua upande, nilizitoa. Nikaziacha siku nne kwenye kopo, kwa kuwa kahawa iliyokaangwa leo bado ina gesi nyingi mno na maji hayaingii vizuri.

Siku ya Boxing Day niliamka kabla ya wote. Marangu kwetu ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi, unamimina yakiwa bado yanatokota na ndiyo joto lenyewe hasa. Maji yanatoka mlimani, mepesi, hayaachi ukoko kwenye sufuria. Gramu 15, gramu 250. Iliumuka mpaka nikaogopa itamwagika.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, ana miaka 74. Nilimpa bila sukari, nikamwambia, "Baba, ngoja ipoe kidogo." Alisubiri. Akaonja, akashusha kikombe, akatazama ndani. Akaonja tena. Nilidhani atasema ni chungu, aombe maziwa.

Akasema, "Hii ni kahawa mbivu. Ile ya kunyonya."

Kila mtoto wa kihamba anajua anachosema. Ukichuma, ile nyekundu iliyoiva kabisa unaibonyeza mdomoni, unanyonya ute mtamu wenye uchachu kidogo, unatema punje kwenye kikapu. Miaka yote nilikuwa nimeusahau utamu ule, na nilipokunywa pale Posta nilinyamaza kwa sababu kuna kitu nilikijua nikashindwa kukitaja. Baba alikitaja kwa funda mbili.

Kisha akaniuliza, "Mama, umetoa gunia lipi?" Nikamwonyesha. Akasema hiyo ni ya upande wa mfongo, ni ile mibuni ya aina ya N39 iliyoletwa kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungo, aliyoipanda na babu. Inasumbuliwa na magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, kila mwaka anashauriwa aing'oe aweke chotara, naye ameng'oa nusu na kuacha nusu. Hakueleza kwa nini ameacha. Alimaliza kikombe, akaniomba nimtengenezee mama, na mama alipokunywa aliomba sukari, akapewa.

Niliporudi Dar niliiacha koni na mizani pale. Nikanunua vingine, koni hiihii, saizi 02, ya plastiki. Kisagio nilikuja nacho, lakini Pasaka nilimpelekea baba chake. Mdogo wangu ananiambia baba ameandika kwa kalamu ya wino kwenye ukuta wa jikoni, juu ya meza: 15, 45, 150, 250.

Wiki iliyopita baba alinipigia simu saa 12 asubuhi, nikashtuka, simu za saa hizo huwa za msiba. Karatasi zimebaki sita. Pakiti mbili zimeondoka na basi la Jumanne.